Kapu la Makopa Nyuma ya Wodi

Kila asubuhi, kwao Heru Juu, Uwimana alifagia uwanja, akachemsha uji, kisha akamuuliza mama yake, "Umeamkaje, mama?"

"Sijambo," mama alijibu. Kijiko kilitetemeka mkononi mpaka uji ukamwagikia khanga yake.

Mama huyo, Sista Chantal, alikuwa muuguzi wa wodi ya wagonjwa wa akili katika hospitali moja mjini Kasulu. Wiki tatu zilizopita mgonjwa alimkaba koo. Tangu hapo hakupata usingizi, na barua ya kuacha kazi aliyoipenda miaka kumi na moja ilikuwa tayari mkobani. Uwimana aliiona.

Na watu? Watu walicheka tu. Shuleni, Cadet, mtoto wa mwenye duka, alipaza sauti: "Mtoto wa nesi wa vichaa huyo! Msimguse, mtaambukizwa!" Hakusema kwamba mwezi wa nne baba yake alipitia mlango wa nyuma wa kina Uwimana, kofia imefunika macho, kumwombea ndugu yake dawa. Uwimana hakusahau. Watu wa namna hiyo midomo yao ni mipana mbele za watu, lakini wakipatwa na shida hutembea kwa vidole.

Mkuu wa wodi, Bwana Nsengimana, aliwazidi wote. Wagonjwa arobaini, wauguzi wawili. Miaka mitano mfululizo aliahidi muuguzi wa tatu. Miaka mitano mfululizo alileta fulana zilizoandikwa "Tabasamu". Sista Chantal alipomwambia anaogopa, alijibu huku anachokonoa meno: "Nesi haogopi, sista. Jikaze."

Jumamosi moja, akipeleka kapu la makopa, mihogo mikavu, mashineni kusagwa, Uwimana alipitia hospitalini. Nyuma ya wodi alimkuta mama na muuguzi mwenzake Nestori wakifundishwa kupunguza msongo wa mawazo na mshauri kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Mama Louise, Mkongomani.

"Bon, mtoto, lete ile kitunga yako," Mama Louise alisema, akampa Nestori lile kapu. "Nyoosha mikono mbele. Makopa isikukaribie. Hiyo ni woga yako, unaisukuma mbali."

Nestori alitabasamu kwa majivuno. Punde mikono ikaanza kutetemeka kama ya mama.

"Yewe! Nesi mzima anashindwa na makopa!" Uwimana alicheka.

"Sasa weka ku kichwa."

Uzito ulikuwa ule ule, lakini Nestori alitembea wima, mikono huru.

"Woga haikutoka," Mama Louise alisema. "Umeikubali, unatembea nayo. Chantal, wewe unataka kutembea kwenda wapi?"

Mama akasema, "Wodini. Lakini naogopa. Nikisikia mlango, shingo inabana." Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta. Uwimana hakuwahi kumsikia akisema hivyo.

Walikutana Jumamosi sita. Siku moja asubuhi Uwimana alipouliza, mama alijibu: "Woga upo, mwana wanje. Leo umekaa shingoni. Nipe uji." Kijiko kilitikisika kidogo, lakini uji ulifika mdomoni.

Bwana Nsengimana aliposikia habari ya mafunzo hayo, alifurahi kupita kiasi. "Safi! Mmefundishwa kubeba. Basi wawili mnatosha."

Sista Chantal alitoa barua mkobani. Haikuwa ile ya kuacha kazi. Hiyo alikwisha kuichana. Hii ilidai muuguzi wa tatu, nakala kwa mganga mkuu wa wilaya, na Nestori alikuwa ametia sahihi.

"Woga ni wangu, nimeubeba," alisema. "Upungufu wa wauguzi ni wako. Usinitwike."

Bwana Nsengimana aliisoma mpaka kwenye nakala ya mganga mkuu, akaikunja, akaitia mfukoni. Mwezi uliofuata muuguzi wa tatu aliripoti.

Cadet alipoanza tena dhihaka zake shuleni, Uwimana alimtazama usoni. "Ndiyo, mama yangu anauguza wagonjwa wa akili. Una swali?" Cadet aligeuka akaenda zake.

Nyumbani alimsimulia mama. "Siri ya baba yake ilinifika ulimini. Hasira ilikuwa nyingi. Nikaibeba tu."

"Umefanya vema," mama alisema, akimkalisha karibu. "Ukiumia, sema umeumia, kudanganya kwamba hujambo kunachosha kuliko maumivu yenyewe. Kisha fanya kazi unayoiamini. Lakini sikiliza, mwanangu: mtu akikuletea mzigo wake na kukwambia jikaze, mrudishie mkononi mwake, mchana, watu wakiona."