Helmeti Isiyobana

Kila Jumamosi asubuhi, kabla cherehani ya mama yake haijaanza kulia, Arlène alikuwa ameshaamka na kupanga vifaa vyake vya michezo ndani ya mfuko mkubwa wa nailoni wenye mistari. Walikaa Fordsburg, jijini Johannesburg, katika chumba kilichokuwa juu ya duka la mapazia. Mama yake, Emérite, ndiye aliyeshona mapazia ya duka hilo. Baba yake, Méthode, alikuwa mlinzi katika jengo moja la ofisi kule Braamfontein, na mara nyingi alirudi kutoka kazini wakati uleule Arlène akishuka ngazi na mfuko wake begani. Wakikutana hapo, baba humgusa shavu na kumwambia, "Haya, mwanangu, nenda kacheze kwa niaba yangu pia. Mimi naenda kulala."

Mchezo wenyewe ulikuwa kioja kwa jamaa zao. Kwao Burundi barafu ni ile ya kwenye friji tu, na hata hapa Johannesburg majirani wengi hawakujua kwamba kaskazini mwa jiji, ndani ya jengo kubwa la maduka, kuna uwanja mzima wa barafu. Huko watoto walicheza hoki wakiwa wamevaa viatu vyenye makali ya chuma chini, wakifukuzia kisahani cheusi cha raba kwa magongo. Klabu moja iliwachukua watoto wa katikati ya jiji kwa basi dogo la kombi, ikawaazima vifaa na kuwafundisha. Arlène, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alianza kwa kushikilia ukuta kama mtoto anayejifunza kusimama. Sasa aliteleza mbele na nyuma bila kuangalia miguu, na alikuwa amechaguliwa kwenda kwenye mashindano ya Cape Town. Rafiki yake Murielle, Mkongomani aliyesoma naye darasa moja, naye alichaguliwa. Tangu siku hiyo wawili hao hawakuwa na mazungumzo mengine.

Jumamosi moja, wakiwa mazoezini, Arlène alijikwaa kwenye gongo la mwenzake, akarushwa kinyumenyume mpaka ukutani. Kisogo chake kiligonga ubao. Alisikia mlio kama wa yai linalopasuliwa kwenye ukingo wa bakuli, kisha kwa muda hakusikia kitu. Alipofumbua macho, Kocha Lindiwe alikuwa amepiga magoti kando yake. Baadaye walipofika kwenye benchi, kocha aliigeuza helmeti mikononi, akapitisha kidole kwenye ufa uliokuwa nyuma.

"Hii imekufa," kocha alisema. "Imefanya kazi yake, basi. Hakuna mtu atakayeivaa tena. Na wewe je? Kichwa kinauma? Unaona sawasawa? Unajisikia kutapika?"

Taa za uwanjani zilikuwa zimeota mikia. Arlène aliyafinya macho, akajibu, "Niko sharp, Kocha. Niko mzima."

Kocha hakuridhika. Alimkalisha benchi asubuhi yote, kisha akampigia simu baba yake na kumwambia amwangalie binti huyo kwa makini, na akilalamika hata kidogo ampeleke kliniki. Jioni hiyo baba alimuuliza. Mama naye akamuuliza, huku akimshika paji la uso. Wote wawili Arlène aliwapa jibu moja: hakuna kinachouma.

Ukweli ni kwamba kichwa kilimuuma alipolala na kilimuuma alipoamka. Shuleni maandishi ubaoni yaliogelea. Mlio wa cherehani, ambao tangu utotoni ulimbembeleza, sasa ulimchoma kisogoni kama sindano yenyewe. Mara mbili alitapika chooni, akafungua bomba ili mama asisikie. Alijua sheria ya klabu: anayeumia kichwa haruhusiwi kukanyaga barafu mpaka daktari aseme. Na Cape Town ilikuwa karibu. Akajiambia kwamba maumivu yataondoka yenyewe, na yakishaondoka hakutakuwa na uongo wowote wa kugundua.

Basi kwa kuwa yeye mwenyewe alisema yu mzima, nyumba nzima iliamini kilichoharibika ni helmeti tu. Klabu haikuwa na nyingine ya kipimo chake. Kocha alitoa neno: asiye na helmeti nzuri hachezi.

Siku ya mapumziko yake, badala ya kulala, baba alimshika Arlène mkono wakaingia madukani. Walianzia hapohapo Fordsburg, kwa Bwana Bakiri, ambaye watu walisema hakuna kitu asichouza.

"Ya pikipiki ninayo," alisema Bwana Bakiri akishusha vitu kutoka juu. "Ya baiskeli ninayo. Ya fundi wa ujenzi, hii hapa. Ya barafu? Eish, ndugu yangu, hiyo ndiyo kwanza naisikia."

Baba aliokota helmeti ya kriketi, akaigongagonga. "Hii nayo ina chuma usoni. Haifai?"

"Hiyo ni ya kriketi, Baba. Kocha hataikubali."

Walizunguka duka baada ya duka. Jua lilimpiga Arlène machoni, na kila roboti, yaani taa za barabarani, ilipowaruhusu kuvuka, honi za teksi zilimpasua kichwa. Baba hakulalamika. Alikuwa na usingizi kiasi kwamba alisimama mbele ya dirisha la duka la vyombo akadhani sufuria ni helmeti, kisha akajicheka mwenyewe. Arlène alijaribu kucheka naye, akashindwa.

Mwishowe walipanda basi mpaka kwenye lile jengo lenye uwanja wa barafu. Karibu na uwanja kulikuwa na duka dogo la vifaa vya michezo, na muuzaji wake, Jeanne, ambaye watoto wa klabu walimwita Tantine, yaani shangazi, alikuwa mama wa Kikongo aliyefurahi kusikia Kiswahili.

"Karibuni! Kumbe ni huyu ndiye anayeenda Cape Town? Keti hapa, binti." Alimzungushia utepe wa kupimia kichwani, akaenda kwenye rafu, akarudi na helmeti nyeusi. "Sikiliza. Helmeti ya hoki haichaguliwi kwa rangi. Inatakiwa ikushike kama viganja viwili, kila upande sawa. Ukitikisa kichwa, isibaki nyuma."

Alimvika. Helmeti ilimkaa barabara. Lakini pale nyuma ilipogusa kisogo, maumivu yalipanda mpaka kwenye meno, na machozi yakamtoka Arlène kabla hajayazuia. Akaivua upesi.

"Vipi?" baba aliuliza.

"Inanivuta nywele, Baba. Misuko." Akaonyesha helmeti nyingine, kubwa zaidi. "Ile."

Ile kubwa ilimfika kwenye nyusi. Haikumgusa popote. Arlène alihisi nafuu, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Hapana," Tantine Jeanne alisema. "Hii inacheza. Tazama, nikiisukuma inazunguka peke yake. Helmeti isiyobana ni kofia tu."

"Lakini ndiyo nzuri kwangu, Tantine. Ile nyingine sitaweza kucheza nayo."

Baba aliwatazama wote wawili. Alikuwa amezoea kumnunulia binti yake viatu vya shule vilivyozidi kidogo, na usingizi ulikuwa unamwelemea. "Bado anakua, dada," alisema. "Na ndiye atakayeivaa. Mpe hiyo anayoitaka."

Tantine Jeanne aliitia kwenye mfuko bila kusema zaidi, ila uso wake haukuwa na furaha.

Jumamosi iliyofuata, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, Arlène alikunja soksi ya sufu akaisokomeza ndani ya helmeti upande wa mbele, kisha akakaza mkanda wa kidevuni. Kocha alipopita akimkagua kila mchezaji, aliitikisa helmeti ile, ikatulia. Akaipitisha.

Walicheza mechi ya mazoezi. Mwanzo ulikwenda vizuri, kisha Arlène akaona visahani viwili. Alifukuza kimoja, kikayeyuka. Alipogeuka kwa nguvu, soksi ilichomoka, helmeti ikamfunika macho. Hakusimama. Alijua uwanja ule, akadhani miguu itamwongoza. Alimgonga mtu kwa mwendo wake wote, wakaanguka pamoja mpaka ukutani, na aliyepiga ukelele alikuwa Murielle.

Mkono wa Murielle ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi.

Hospitalini walikaa kwenye korido ndefu: Arlène, baba yake, Kocha Lindiwe, na mama yake Murielle, Mama Célestine, aliyekuwa ametoka mbio saluni akiwa bado na unga wa rangi ya nywele vidoleni. Mlango wa chumba ulikuwa wazi, Murielle akionekana amelala na mkono umefungwa. Wote walimpa Arlène pole. Kocha alisema mchezo ndivyo ulivyo. Mama Célestine alimpigapiga mgongoni, akasema, "Usilie, binti yangu, ajali haina kinga." Hata Murielle aliita kutoka kitandani, "Si kosa lako, Arlène."

Kama mtu mmoja tu angemkaripia, pengine angenyamaza. Lakini pole zile zilimlemea kuliko kichwa chenyewe. Alisimama mlangoni, mahali ambapo Murielle angemsikia.

"Si ajali tu," alisema. "Sikuwa naona. Tangu siku ile nilipoanguka sioni vizuri. Kichwa kinaniuma kila siku, natapika, nikawadanganya wote. Helmeti nilichagua kubwa kwa sababu ile nzuri iliniumiza. Niliweka soksi ndani ili Kocha asijue."

Mkono wa Mama Célestine ulikuwa umesimama hewani. Murielle alimtazama rafiki yake kwa muda mrefu, kisha akageuza uso ukutani. "Mwondoeni," alisema.

Baba alimshika mkono. Alimpeleka Arlène kwa daktari palepale. Daktari alimmulika machoni, akamwambia afuate kidole, atembee kwenye mstari, arudie maneno aliyomtajia. Alipomaliza alizungumza na baba polepole. Ilikuwa mtikisiko wa ubongo. Angepumzika tangu siku ya kwanza, huenda sasa angekuwa amepona. Sasa yeye daktari hawezi kusema atapona lini. Wengine huchukua majuma, wengine miezi. Hakuna barafu, hakuna kukimbia, hakuna simu, hata kusoma kidogokidogo tu.

"Ataweza kucheza tena?" baba aliuliza.

"Sijui," alisema daktari. "Nikikuambia najua, nitakuwa nakudanganya."

Timu ilikwenda Cape Town bila wao. Arlène alisikia habari kwamba walifungwa kila mechi, na hakupata hata nguvu ya kusikitika. Alilala mapazia yakiwa yamefungwa. Mama alihamishia cherehani yake chini, kwenye ghala la duka, akashonea huko kwenye baridi ili mlio usimfikie. Kwa Murielle walikwenda kuomba msamaha, wazazi wote wawili wakiwa naye. Mama Célestine aliwapokea na kuwapa chai. Murielle alitoka chumbani, akasikiliza, akasema, "Nimesikia," akarudi ndani. Shuleni alikuwa ameomba kubadilishiwa dawati. Wakipishana alijibu salamu, basi, na Arlène alishukuru hata kwa hiyo.

Helmeti kubwa waliipeleka kwenye klabu, akapewa msichana mmoja mkubwa ambaye ilimkaa sawasawa. Majira ya baridi yalipofika mwisho, baba alimpeleka Arlène tena kwa Tantine Jeanne. Hakuwa ameahidiwa kucheza, lakini baba alitaka jambo lililofanyika vibaya lifanyike vizuri, hata kama limechelewa.

Tantine Jeanne alikuwa ameshazisikia habari. Hakuuliza kitu. Alimpima upya, akaleta helmeti nyeusi kama ile ya kwanza, akamvika taratibu, akalegeza skrubu, akakaza, akasubiri.

"Vipi, binti?"

Arlène alisikia kishindo cha visahani vikigonga ubao upande wa pili wa ukuta, na watoto wakipiga kelele. Ilitosha kusema iko sawa. Baba alikuwa amesimama na mkono mfukoni, tayari kulipa.

"Inanikaa vizuri," alisema. "Lakini hapa nyuma bado panauma. Mwanga nao."

Tantine Jeanne aliivua kwa mikono miwili, akairudisha kwenye rafu. "Basi bado," alisema. "Hata ukija mwakani, nitakupima tena."

Walitoka mikono mitupu. Kwenye kituo cha basi baba alisema:

"Mwanangu, siku ile hukumdanganya Kocha peke yake. Ulitutuma sote tukatafute dawa ya ugonjwa ambao hatukuujua. Mimi nilizunguka nikitafuta kitu cha kukukinga kichwa, na kichwa chenyewe kilikuwa kimeshaumia. Wazee walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Kilio chako kilimwangukia Murielle. Helmeti inakinga mfupa tu. Yaliyo ndani ya mfupa hakuna anayeyaona, si mimi, si mama yako, si daktari, mpaka wewe mwenyewe uyaseme. Na uyaseme mapema, wakati bado kuna la kufanya. Ukichelewa, ukweli bado ni wajibu wako, ila haukurudishii ulichopoteza."

"Najua, Baba."

"Leo umeusema. Nimesikia."

Jua la mchana lilikuwa linawaka juu ya lami, na Arlène alikuwa amefumba macho. Baba alivua kofia yake ya kazi, akamvika, akaishusha mbele mpaka kivuli kikamfunika macho. Wakaendelea kusubiri basi.