Mawe Yanayotoa Mate

Jua lilikuwa linazama Fundi Meno alipoingia chumba cha uani kuangalia kama mto wake umeganda. Mto wenyewe ulikuwa gundi angavu, ile inayomiminwa ikiwa nzito kama asali na kukauka kama kioo. Aliimimina asubuhi kwenye reli yake ya mezani, vitreni na vituo vya mfano alivyoanza kuvijenga alipostaafu kutengeneza meno ya bandia. Mkewe alikuwa akimcheka: jibaba zima, mvi kichwani, linasukuma treni.

Siku hizo hakucheka tena. Alikuwa kitandani chumba cha pili, ulimi umekauka, fizi zimepauka. Kila alichotia mdomoni alikitema, akisema ni vumbi tupu. Hospitali walipima wakachoka. Mama wa watu alikuwa anakwisha kwa njaa chakula kikiwa mbele yake, na Fundi Meno, asiye na mtoto wala ndugu mwingine, aliogopa kumtazama. Ndiyo maana alijichimbia uani.

Akaugusa mto kwa kidole.

Haukuganda. Ulikuwa vuguvugu. Alipoinua kidole, uzi mrefu ukakifuata... ukanesa... ukakatika. Akakinusa. Harufu ile aliiinamia miaka yote ya kazi. Ilikuwa ya kinywa cha mtu aliyeamka bila kupiga mswaki.

"Mate," alinong'ona.

Akawasha taa na kuinamia gati la mawe lililoambaa ukingoni mwa mto. Hilo ndilo lilikuwa fahari yake. Mwanzoni alichonga mawe ya plasta mpya, yakatoka laini kama vipande vya sabuni. Ndipo alipokumbuka sanduku lake la kazini, lenye sanamu za plasta za vinywa vya wateja, alizopimia meno, zimezeeka, zimekuwa manjano, zina mikunjo na mashimo ambayo hakuna patasi ingeyaiga. Akaziponda kwa nyundo, akazipanga, akazipaka rangi ya kuvu na tope. Zikawa mawe hasa. Na pale kituoni aliipachika sanamu ya kinywa cha mkewe, aliyewahi kumtengenezea jino la mbele. Kwa mapenzi, eti!

Sasa mawe yalikuwa yamegeuka rangi ya waridi. Alipobonyeza moja likabonyea, kisha likarudi. Utando mweupe ulikuwa umeyashika juu, na kati ya jiwe na jiwe ilichungulia miguu ya abiria wake wa plastiki. Kuanzia kiunoni kwenda juu, abiria walikuwa wametafunwa.

Akamkumbuka bibi mmoja, mteja ambaye majirani zake hawakumpa hata moto kwa kumhofia uchawi, aliyemwomba sanamu yake akaifukie kwa mkono wake. Kinywa cha mtu hakiachwi kwa watu, bibi alimwambia. Fundi akamjibu kwa adabu zote kwamba imeshavunjika, naye akaondoka bila kubisha, akafa mwaka uleule. Ulikuwa uongo; ilikuwa sandukuni. Na sasa ilikuwa humu, imepondwa pamoja na zote, kipande kipi ni chake hata fundi mwenyewe hakujua.

Akashika patasi. Akailenga pale kituoni, akaigonga kwa nyundo.

Yowe likatoka chumbani.

Alimkuta mkewe ameketi, damu inamchuruzika kidevuni, jino liko kwenye shuka.

"Mume wangu," alisema taratibu, "umenigonga na nini?"

Alirudi uani mbio. Jiwe la kituoni lilikuwa linavuja damu. Kulibomoa gati kungekuwa kumuua mkewe, na kuliacha vilevile ni kumwacha afe njaa. Akasimama pale kama aliyemwagiwa maji. Mwishowe akaenda kuchukua bakuli la uji alioukataa mkewe, akachota kijiko, akamimina kati ya mawe.

Mawe yakaachana. Yakafumba.

Ng'udu... Ukutani, upande wa pili, alimsikia mkewe akimeza.

Basi ikawa ndiyo kazi yake. Kila jioni anawalisha wenye vinywa vile, maana hufumbuka wote kwa pamoja na hawezi kuwachagua. Wakishiba anawapiga mswaki, anawakwangua utando, anatapika kwenye ndoo, anaendelea. Uji mwingine huwa anausukuma kwa kidole, na mara nyingine kidole hunyonywa kidogo kabla ya kuachiwa. Chakula chake mwenyewe hakimpiti tena kooni. Lakini mkewe amenenepa. Anacheka, anapokea wageni, anawasifia mume anavyojua kuuguza.

Jana Fundi Meno alinawa hadi ngozi ikamwasha, akapanda kitandani. Hajawahi kumweleza mkewe neno hata moja juu ya mambo ya uani. Mkewe akautafuta mkono wake gizani, akauvuta, akauweka shavuni. Shavu lilikuwa na unyevu.

"Kesho usinawe kwa sabuni kabla ya kunilisha kule uani," alinong'ona. "Inaharibu ladha ya vidole vyako."