Aliyekaa Stuli ya Pili

Safu ya pili ya daftari ilikuwa imeshajazwa.

Kiranja aliitazama mara mbili. Alikuwa ametoka kupima sampuli ya sita ya udongo mwekundu, akaandika uzito wake katika safu ya kwanza, kisha akageuka kufunga mlango wa tanuri. Aliporudi mezani, safu ya mdogo wake ilikuwa na tarakimu sita zilizopangwa vizuri, wino haujakauka. Mdogo wake mwenyewe hakuwapo. Hakuwapo siku ile, hakuwapo wiki iliyotangulia, na tangu muhula uanze alikuwa amekanyaga maabara ile siku moja tu, ya kugawiwa makoti meupe.

Jina la Kiranja alipewa shuleni, akalifuata mpaka chuo kikuu, maana alikuwa mtu wa kufika kabla ya kengele. Chuo kilikuwa kama mji ndani ya mji. Maabara ya udongo ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya barabara kuu, na honi za magari ziliingia madirishani tangu asubuhi. Wanafunzi walifanya kazi wawili wawili, kila meza na mizani yake na stuli mbili. Kila mmoja alitakiwa apime mwenyewe, aandike katika safu yake, na mwisho wa kipindi asaini karatasi ya mahudhurio mbele ya namba yake ya usajili. Aliyekosa mara tatu alifutwa katika somo, na asiye na somo lile hakuwa na shahada.

Kwa hiyo Kiranja alimsainia mdogo wake. Alijifunza kuilaza ile saini upande kama mwenyewe alivyoilaza. Alipima mara mbili, akaandika mara mbili, kwa miandiko miwili, na kila alipofanya hivyo hasira ilimpanda. Yeye ndiye aliyebaki nyumbani miaka minne kumuuguza mama yao, ndiyo sababu akaanza chuo mwaka uleule na huyu mdogo aliyembeba mgongoni. Na siku walipoondoka mama alimwambia nani? "Mtazame mdogo wako. Wewe ndiye mkubwa." Mdogo mwenyewe hakuambiwa neno, alifungiwa chapati.

Wiki iliyotangulia, karatasi ilipomfikia, alikuwa amesema huku ameuma meno, "Aje yeyote akae hapa. Aje hata jini, mradi ajue kupima." Kisha akasaini.

Sasa alimgeukia msichana wa meza ya nane. "Nani ameandika hapa?"

"Mdogo wako, nani tena? Tena leo kapita kama kameza fimbo, hata salamu hakuna."

"Alikuwa hapa?"

"Kiranja, jana ulilala saa ngapi?"

Alimpigia mdogo wake simu. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na muziki na vicheko vya vijana. "Dada, si nilikwambia nakuja wiki ijayo? Usinibane bwana."

Kiranja alikaa. Ndipo alipoisikia harufu: udongo uliolowa, kama mvua ya kwanza imepiga vumbi, ndani ya chumba ambamo udongo wote ulikuwa umekaushwa tanurini. Aliigusa stuli ya pili. Ilikuwa na joto la mtu.

Mwenye akili timamu angekimbia, na Kiranja alikuwa na akili timamu. Lakini alikuwa amechoka, na tarakimu zile zilikuwa sahihi. Wiki iliyofuata alipima mara moja tu, akageuka kwa makusudi, akahesabu mpaka ishirini, na safu ikajaa. Wiki ya tatu alisikia stuli ikilia kwa uzito na kalamu ikikwaruza karatasi, naye akaendelea na kazi yake bila kutazama kando. Profesa, ambaye hakuwa mtu wa kusifu, alisimama mbele yao akasema, "Meza ya tisa naiamini kuliko mizani." Kiranja alitabasamu. Baadaye ni hilo tabasamu lililomchoma kuliko yote.

Wiki ya nne, saa tisa ya mchana, jua likiwa limejaa madirishani na wenzake wakitaniana meza hadi meza, aliinua macho akakiona kioo cha kabati la kemikali, na ndani ya kioo akajiona mwenyewe akiwa ameinama juu ya mizani, na kando yake, bega kwa bega, koti jeupe lililojaa mtu, mtu mwenye kisogo cha mdogo wake na masikio ya mdogo wake na namna ile ile ya mdogo wake ya kuinamisha shingo, ila shingo yenyewe ilikuwa imelowa, na maji mekundu yalikuwa yakitiririka kutoka kwenye nywele, yakiingia kwenye ukosi wa koti bila kuliacha na doa, na kile kisogo kikaanza kugeuka taratibu, kama mtu aliyeitwa na bado anajiuliza kama ni yeye.

Kiranja alifumba macho, akakaa hivyo hivyo mpaka kipindi kilipokwisha. Karatasi ilipopita, mkono wake ulisaini wenyewe.

Jioni ile mlango wa chumba chake cha bweni uligongwa. Alikuwa mdogo wake, wa kweli, na suruali ilikuwa ikimvuka.

"Dada, getini mlinzi ananiambia nimeshaingia. Kadi inasoma niko ndani." Alinong'ona kama mwenye homa. "Nimeingilia uani. Mwenzangu wa chumba kanifungia mlango, anasema kaniacha kitandani sasa hivi. Nikampigia mama. Unajua kasema nini? 'Mwanangu, si tumeongea asubuhi? Siku hizi unanipigia kila siku mpaka raha.' Dada, mimi sijampigia mama tangu tufungue chuo."

Kiranja alimshika mkono. Ngozi ilikuwa kavu na nyepesi kama udongo uliotoka tanurini, na vidole vyake vilipombana kidogo, kitu kama unga kikamwagika sakafuni.

Alitaka kumpiga kofi. Aliogopa angemvunja.

Mganga waliyeelekezwa alikuwa mama wa makamo, mwenye chumba juu ya kinyozi. Alisikiliza huku akikuna goti.

"Alialikwa kwa maneno?"

"Kwa maneno. Na kwa kalamu."

"Mara ngapi kwa kalamu?"

"Tangu nitamke, mara tano. Kabla ya hapo nne."

Mganga alisonya. "Watu wa chuo. Mtu wa kawaida humwita jini mara moja akatimua mbio. Ninyi mnamsajili. Mimi, binti yangu, namfukuza aliyeingia bila ruhusa. Huyu ana karatasi. Aliyeandika ndiye wa kufuta, saini zote tisa, na kwa kuwa ulimthibitisha mbele za watu, utamkana mbele za watu."

"Nitafukuzwa chuo."

"Basi mwache. Huyu wako hafiki mwisho wa mwezi."

"Aliyekosa ni yeye. Kwa nini niadhibiwe mimi?"

"Hilo kamuulize mama yako," mganga alisema. "Mimi nashughulika na majini."

Siku ya kipindi, mdogo wake alibaki chini ya ngazi, hana nguvu za kupanda. Kiranja aliingia maabara na kuliomba jalada la mahudhurio. Fundi wa maabara, mzee waliyemwita Mizani, alimtazama, akalitoa. Kiranja alilifungua juu ya meza ya tisa, Profesa akiwa amesimama hatua mbili mbele yake.

"Nimemsainia mdogo wangu," alisema. "Hajawahi kuja kwenye kipindi. Nataka kufuta."

Darasa lilicheka. Profesa hakucheka. "Si huyo hapo, umekaa naye?"

Harufu ya mvua ilikuwa imeshamfika puani. Hakugeuka. "Huyu si mdogo wangu," alisema, akapiga mstari wa kwanza.

Stuli ililia. Alipiga wa pili, na wa tatu, na kicheko kikakatika, kwa kuwa sasa wenzake nao walikuwa wakiona maji yakidondoka kutoka mikono ya koti jeupe. Na alipofika wa sita kitu baridi kililala juu ya mkono wake ulioshika kalamu, bila kuuzuia, kiliulalia tu kama mtoto anavyomlalia mkubwa wake, na sauti ya mdogo wake, ila ya upole ambao mdogo wake hakuwahi kuwa nao, ikamwambia sikioni, "Dada, mimi ndiye niliyekuja," na yeye akapiga wa saba, "yeye hakuja kupima hata siku moja, dada, mimi nilikuja siku zote, nilikukosea nini," na Kiranja, ambaye alijua kwamba maneno yale yalikuwa ya kweli, akawa analia kwa hasira huku akipiga wa nane, akamchukia aliye chini ya ngazi kwa moyo wake wote, na akapiga wa tisa.

Koti lilianguka juu ya stuli. Ndani yake kulikuwa na bonge la tope jekundu, linachuruzika.

"Nendeni kwa mkuu wa idara," Profesa alisema, akilifunga jalada. "Wewe na huyo mwenyewe, popote alipo."

Idara haikuandika habari za tope. Iliandika udanganyifu wa mahudhurio, ikawasimamisha wote wawili mwaka mzima.

Kesho yake, mdogo wake alikuwa amejilaza kitandani kwa Kiranja na viatu vyake, damu imemrudi usoni, anakula mkate. "Lakini dada na wewe," alisema, "ungengoja hata tumalize mitihani."

Kiranja alichukua simu ampigie mama kumpa habari. Mama alikuwa akiongea na mtu. Alijaribu tena, mama bado akawa anaongea. Mara ya tatu akapokea, sauti imejaa furaha.

"Nisamehe, mwanangu, nilikuwa na mdogo wako. Kanieleza yote. Eti wamemfuta chuo, na wewe umo, umeshika kalamu kabisa? Haya, sitaki ugomvi. Yeye kashapanda basi, anakuja kukaa na mimi moja kwa moja. Nimemwambia karibu sana, baba, hapa ni kwako, na mlango nauacha wazi. Nimeshamtandikia."

"Mama," Kiranja alisema. "Mama, nisikilize."

Kitandani, mdogo wake aligeukia ukutani na mkate wake.

"Ni mama huyo?" alisema. "Mwambie nitampigia kesho."