Mstari wa Feni

Kila Jumamosi, akishamaliza kuosha vyombo, binti mmoja alikimbilia chumba cha mbele, alikofanyia kazi shangazi yake. Shangazi alikuwa mchora katuni. Alichora kwa kompyuta, na ndani yake mlikuwa na kadi ya picha aliyoiongezea kasi kupita ile ya kiwandani. Kadi hiyo ilichapa kazi kwelikweli, lakini ilipata joto upesi, na feni zake tatu zilivuma kutwa nzima. Nyumbani walimwita binti huyo Gego, kwa sababu ndiye aliyeigiza sauti ya gego mkaidi katika filamu mpya ya shangazi. Jumamosi moja, kliniki ya meno iliisubiri filamu hiyo saa kumi alasiri, na watoto walikwisha kualikwa.

Asubuhi hiyo shangazi alitoka kidogo kwenda dukani, akamwachia Gego kazi ya kurekodi upya sentensi moja tu: "Mimi sipigwi mswaki, ng'o!" Gego aliisema mara nne, na mara zote nne mvumo wa feni uliingia. Basi akafungua programu ya feni, kama alivyozoea kumwona shangazi akifanya, akaushusha mstari wa kasi ya feni wote hadi chini. Chumba kikawa kimya. Sentensi ikatoka safi, naye akaenda zake kuanika nguo, roho kwatu, bila kukumbuka kuurudisha ule mstari.

Shangazi aliporudi, alianza kuunganisha picha zote ziwe filamu. Ilipokaribia saa sita, skrini ikawa nyeusi. Aliiwasha kompyuta, ikazima tena. Alishika kiuno, akasema kosa ni lake mwenyewe, tamaa ya kasi imeiunguza kadi. Kisha akachukua simu awaombe radhi watu wa kliniki.

Gego alikuwa mlangoni na beseni tupu. Kama angenyamaza, hakuna ambaye angejua.

"Shangazi, usipige kwanza," alisema. "Ni mimi. Nilizishusha feni ili nirekodi, nikasahau kuzirudisha."

Shangazi aliiweka simu mezani. Hakufoka. Alivuta kiti cha pili, akamwambia akae, wakaiacha kompyuta ipoe kabla ya kuiwasha. Programu ya feni ilionyesha mchoro: chini joto, kando kasi ya feni, na katikati mstari uliolala kama kamba iliyolegea. Shangazi akampa Gego kipanya. Akamwelekeza aweke nukta kwenye nyuzi hamsini, feni zizunguke kwa nusu ya nguvu. Kwenye sabini, robo tatu. Kwenye themanini, nguvu zote. Mstari ukapanda. Kazi ikaendelea kutoka pale ilipokatikia.

Joto nalo likapanda. Sitini, sabini, sabini na sita. Gego alibana pumzi. Feni zilianza kuvuma polepole, zikazidi, na hakuna aliyezigusa. Hewa ya moto ilitoka nyuma ya sanduku ikapeperusha pazia. Namba zikasita, zikarudi sabini na tatu, zikatulia hapo. Gego aliduwaa. Maelfu ya picha yalikuwa yakipikwa ndani ya kile kisanduku, na nukta tatu alizoziweka kwa mkono wake ndizo zilizokilinda kisiungue. Alikaa akitazama namba zile mpaka chai yake ikapoa, na mvumo uliomuudhi asubuhi sasa hakutaka ukome.

Filamu ilikamilika saa tisa na robo. Kliniki ilijaa watoto, na gego mkaidi aliposema, "Mimi sipigwi mswaki, ng'o!" ukumbi mzima uliangua kicheko.

Shangazi alimwinamia Gego sikioni.

"Ile kadi, mwanangu, haifichi joto lake hata kidogo. Ndiyo maana feni zinajua la kufanya. Leo na wewe hukuficha, nami nikajua la kufanya. Ungeficha, watoto hawa wangekuwa wanatazama ukuta."