Kidole Gumba cha Fundi Viatu

Fundi viatu hakuwa mtu wa kwenda zahanati. Kibanda chake kilikuwa kando ya mlango wa nyumba yake. Akijikata, alipaka gundi ya soli palepale, akapuliza hadi ikakauka, kisha akaendelea na kazi.

"Kama inashika soli, itashindwa na ngozi yangu?" alimwambia mkewe.

Mkewe alichoka kubishana naye. Hata mimi ningechoka.

Asubuhi moja alikuwa akishona kiatu kilichojaa matope. Msharasi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi, ukamchoma kidole gumba. Akaziba tundu kwa gundi kama kawaida yake. Kesho yake kidole kilikuwa chekundu, cha moto, kimevimba na kinauma. Fundi akaona adui ni uvimbe. Akachukua uzi wa kushonea viatu, akakifunga kidole kwa nguvu ili uvimbe usipande.

Uvimbe haukumsikiliza. Kufika jioni hakuweza kushika hata kisu. Hapo aliogopa, tena aliogopa kweli. Bila kidole gumba angekazaje uzi? Na kazi nyingine hakuijua. Mkewe hakungoja ruhusa. Alimwita dada yake, muuguzi anayekaa mtaa wa pili.

Muuguzi alikitazama kidole, akakata uzi kwa mkasi hata salamu hazijaisha.

"Shemeji, umejifunga kama mzigo?"

"Nazuia uvimbe."

"Basi umewazuia wanaokuja kukusaidia," alisema muuguzi. "Chini ya ngozi kuna seli za ulinzi, ndogo mno, huzioni kwa macho. Vijidudu vikiingia, zinaviona na kuita wenzao. Hazina mdomo. Zinatoa kemikali, na huo ndio ujumbe wao."

Fundi aliuliza nani anaupokea ujumbe huo. Muuguzi akasema ni mishipa midogo ya damu. Ikiupata, inatanuka. Damu nyingi inakuja, kidole kinakuwa chekundu na cha moto. Maji kidogo yanapenya nje ya mishipa, ndiyo uvimbe. Seli nyeupe za damu zinapita hapo, zinafuata ujumbe mpaka vijidudu vilipo, zinavila. Zikizidiwa, zinaita nyingine.

"Na maumivu?"

"Ujumbe huohuo unaamsha mishipa ya fahamu, ili ukipumzishe kidole. Wewe ukakipeleka kazini."

Mkewe alicheka. Fundi hakucheka. Alitaka kujua kwa nini haponi kama ana walinzi wengi hivyo. Muuguzi akamweleza kwamba gundi iliwafungia wezi ndani ya nyumba. Vijidudu vilizaliana humo, na uzi ulibana damu iliyokuwa ikileta msaada. Seli zikaendelea kuitana bila kupumzika, na usaha ukajaa.

Kisha akaugeuza mkono wa fundi. Mstari mwekundu ulikuwa umeanza kupanda kutoka kwenye kiganja. Utani ukaisha.

"Huu si wa kungoja kesho. Twende zahanati sasa hivi. Tukichelewa unaweza kupoteza kidole. Vijidudu vikienea kwenye damu, unaweza kupoteza uhai."

Walikwenda. Daktari alitia ganzi, akapasua jipu, akatoa usaha wote na kusafisha. Fundi alichomwa sindano ya kuzuia pepopunda, akapewa vidonge vya kuua vijidudu. Aliambiwa avimalize vyote, hata maumivu yakiisha. Alivimaliza. Uvimbe ukashuka, na mstari ukapotea.

"Kazi ikiisha," muuguzi alimwambia, "seli zinapeana ujumbe mwingine, wa kutulia."

Siku hizi kibandani kuna sabuni na dumu la maji safi. Juzi mkewe alijichoma kidole kwa sindano ya kushonea nguo. Fundi mwenyewe alikiosha kwa maji mengi na sabuni, akakifunika kwa kitambaa safi. Baadaye kidole kikawa chekundu kidogo.

"Leo hunifungi uzi?" mkewe alimchokoza.

"Seli zimeitana," fundi alijibu. "Tuziache zifanye kazi. Kidole kikizidi kuvimba, au ukipata homa, tunakwenda zahanati."

Asubuhi wekundu haukuwepo. Fundi alikigeuza kidole cha mkewe huku na huku, akaridhika.

"Zimeambiana inatosha," alisema. Kisha akarudi kwenye kiatu chake na kukaza uzi, kwa kidole gumba kilekile.