Ua Lisilotajwa Jina

Mwaka ule wa vita vya Kagera, Mabula alirudi Runzewe kutoka machimboni Geita bila dhahabu, ameshika ua. Mtu wa kuokotaokota huyo! Alikuwa ameling'oa kwenye mdomo wa shimo lililofukia watu. Mkewe, Nyamizi, alilipanda kwenye debe bovu mlangoni. Majani yalikuwa manene, yamejaa maji, na alipochuma moja vidole vyake vilinuka damu.

"Linaitwaje?"

"Usiulize. Wachimbaji hawalitaji," alijibu Mabula, akaenda shambani.

Siku hiyohiyo mtoto wao mchanga alianza kulia, akakataa ziwa. Kwa Wasukuma, mtoto akilia hivyo anadai jina la marehemu wa ukoo. Mama yake Mabula, Mbuke, alimpakata akaanza kuwaita wafu.

"Ni wewe, Maganga? Makoye?" Mtoto alizidi kulia mpaka midomo ikapauka.

"Nkwabi," ilisema sauti nzito kutoka mlangoni.

Mtoto akanyamaza, akanyonya.

"Mama, nani kasema?" alinong'ona Nyamizi. "Nje hakuna mtu."

"Nyamaza wewe, mtoto ananyonya! Huyu ni Nkwabi."

Masikini, furaha iliwapofusha.

Mabula aliporudi na kusikia mwanawe akiitwa hivyo, alitupa jembe. "Hilo ndilo jina la ua! Ni la jini wa shimoni. Anayeitwa hivyo ni wake!"

Kitandani, mtoto alikuwa anatapika udongo mwekundu. Mabula alinyakua panga akatoka mbio, akalipiga ua pigo moja, na jani lilipoanguka likivuja damu, kule ndani ya nyumba bega la mtoto likachanika huku Nyamizi akipiga mayowe, "Acha! Unamkata mwanao!" na udongo ukizidi kumtoka mtoto puani na mdomoni mpaka akaishiwa pumzi.

Mbuke alimlaza mjukuu wake, akatoka nje.

"Niite mimi Nkwabi."

"Mama, siwezi."

"Jina nilimpa mimi, nitalichukua mimi. Niite, baba!"

Mabula alikuwa analia waziwazi. "Nkwabi!"

"Abee."

Ndani, mtoto alivuta pumzi. Bega lake likafunga. La Mbuke likapasuka, damu ikamwagika kwenye khanga.

Bibi yule alikaa chini kando ya debe, akageuza uso. "Sasa kata mpaka mzizi. Na usinitazame."

Mabula alikata, jani baada ya jani, na kwa kila pigo mama yake alisema, "Endelea," mpaka alipofika mzizini, na hakusema tena.