Nukta Iliyokimbia na Mama

Kila alfajiri Cherono alichemsha chai ya maziwa huku mama yake, Rael, akifunga kamba za viatu vya mbio. Nyumba yao ilikuwa ukingoni mwa mji wa Eldoret, kando ya barabara ya Kaptagat, na baridi ya huko haina mzaha. Mama alikuwa mkimbiaji. Akirudi kutoka mazoezini alikunywa chai akiwa amesimama, akimtania bintiye kwamba maziwa yamefika sebuleni na kukataa kuingia kikombeni.

Asubuhi hiyo hakutania. Alirudi mapema, akaketi.

"Yule mtu tena! Jana niliacha njia ya msituni, nikapita kwenye mashamba ya mahindi. Leo nimepitia kanisani. Nikikata kona, namkuta ameegemea pikipiki yake. Eti, 'Mama, chukua tembe hizi, utapaa.' Anajuaje ninakopita?"

Cherono alishtuka. Hakuna mtoto wa Eldoret asiyejua kwamba mkimbiaji akipatikana na dawa za kuongeza nguvu hufungiwa mashindano. Hata kuonekana tu na mwuzaji wake kungetosha kumchafulia Mama jina, na timu ya kaunti ilikuwa ikichaguliwa Jumamosi.

"Labda anakufuata kutoka hapa," Cherono alisema.

"Hanifuati, ananitangulia. Kuna anayemwambia. Na anayejua njia zangu ni Purity peke yake. Jioni nitamwambia kocha amwondoe kambini."

Cherono alichanganyikiwa. Purity? Huyu mkimbiaji mwenzake, aliyembeba Mama mgongoni siku alipoteguka mguu? Darasani mchana kutwa mwalimu alizungumza, naye hakusikia neno.

Alipotoka shuleni alikwenda moja kwa moja kwa Mjomba Collins, aliyepanga chumba jirani. Mjomba alipenda kompyuta kama wengine wanavyopenda ng'ombe. Alizinunua zikiwa mbovu, akazifungua, akazifufua. Kamera ya ile aliyoitumia aliibandika plasta, na majirani walimcheka: "Collins, kamera yako ina kidonda?" Naye hujibu, "Haina kidonda, ina macho."

Cherono alimsimulia habari ya yule mwenye pikipiki na ya Purity. "Mjomba, mtu anaweza kujua mwenzake anakopita bila kuambiwa?"

"Bila kuambiwa na mtu, au bila kuambiwa na kitu?"

"Kwani vitu husema?"

"Kumshinda shangazi yako! Mama yako huvaa nini mkononi akikimbia?"

"Saa ya kupima mbio."

"Nani aliiunganisha na simu?"

"Mimi," Cherono alijibu polepole.

Alikumbuka vizuri. Wenzake shuleni walikuwa wamemcheka kwamba mama yake hukimbiza kuku tu. Kwa hivyo simu ilipouliza ni nani wataruhusiwa kuona mbio za Mama, alibonyeza "Wote". Alidhani wote ni mashabiki.

Mjomba alifungua tovuti ya saa ile kwenye kompyuta, akaandika jina la Rael. Ramani ikafunguka. Nukta ya buluu ilikuwa ikisogea barabarani, na nyuma yake mstari ulianzia langoni kwao.

"Huyo ni Mama?"

"Ndiye, sasa hivi. Na sikuulizwa mimi ni nani."

"Mjomba, tukiizima tu, Mama hatajua ni mimi?"

"Hatajua. Na Purity je?"

Cherono alitazama ramani. Nukta ilikuwa imekata kona kuelekea kwa kocha.

Cherono alimtajia neno la siri, Mjomba akazima ramani ile isionwe na watu, akatoa baiskeli, akampakia Cherono nyuma. Walimkuta Mama mkono ukiwa tayari kwenye lango la kocha.

"Mama, usigonge! Purity hakusema. Ni mimi." Akaeleza yote huku machozi yakimtoka.

Mama aliondoa mkono langoni. Kisha akageuka, wakaenda pamoja hadi kwa Purity, aliyekuwa akifua uani.

"Purity, nisamehe. Nilidhani uliuza njia zangu."

Purity alikamua nguo bila kumtazama. "Niuze njia zako? Na jinsi unavyojikokota, nani angenunua?" Halafu akacheka, akajifuta macho kwa kiwiko.

Siku iliyofuata walikimbia wote wawili kupitia shamba la ngano. Katika kila kona hapakuwa na mtu. Waliporudi, Mama alimketisha Cherono kando yake.

"Mwanangu, ulitaka watu waone mbio zangu. Wana nafasi ya kuziona uwanjani. Njia ninayopita peke yangu ni kama chumba changu cha kulala, na simu ikiuliza nani aingie, usiifungulie kabla ya kuniuliza mimi mwenye chumba. Ulikosea kwa kutojua. Lakini ungenyamaza jana baada ya kujua, Purity angelipia kosa lako, nami ningempoteza rafiki. Asante kwa kusema."

"Na chai je?" Purity aliuliza kutoka mlangoni, akihema.

Cherono aliinuka mbio kwenda jikoni.